Ridhaa ya Nani? Mpiga Picha na Ndege Aliye Kiotani

Katika lugha yetu, mtu afanyaye jambo kwa kulipenda tu, bila ya kulitegemea limpatie riziki, huitwa mtu wa ridhaa. Tumezoea kusikia habari za ngumi za ridhaa, za wanariadha wa ridhaa na za waigizaji wa ridhaa. Kadhalika wako wapiga picha wa ridhaa: mwalimu, karani, muuguzi au mfanyabiashara ambaye siku ya mapumziko huchukua kamera yake akaenda kinamasini kutafuta ndege, au mlimani kungojea mawio, au safarini katika nchi ya jirani kupiga picha za masoko na majahazi. Idadi ya watu hao imeongezeka sana tangu simu za mkononi zilipotiwa kamera, na miongoni mwao wamo wanafunzi wetu wengi na walimu wenzetu si haba.

Neno hili ridhaa lina asili ya Kiarabu, nalo ni ndugu wa radhi na wa kuridhika. Maana yake ya kwanza si kufanya jambo bila malipo. Maana yake ni kukubali kwa moyo. Bondia wa ridhaa ameingia ulingoni kwa hiari yake. Lakini tutazame vema: na yule anayepigana naye ameingia kwa hiari yake vile vile. Basi ngumi za ridhaa zina ridhaa mbili. Je, picha za ridhaa zina ngapi? Mpiga picha amekubali. Je, aliyepigwa picha naye amekubali? Na ikiwa aliyepigwa picha ni ndege, asiyeweza kusema ndiyo wala la, ridhaa yake tutaitafuta wapi? Hilo ndilo swali tunalotaka kulijadili katika makala haya.

Huenda msomaji akasema kwamba swali hili ni la kujitafutia taabu. Mwindaji huchukua nyama, na mkata miti huchukua kuni, lakini mpiga picha hachukui kitu. Ndege aliyepigwa picha asubuhi bado anaruka jioni. Ni kweli kwamba neno kupiga, tunaposema kupiga picha, halina maana ya kuumiza, kama lisivyo na maana hiyo katika kupiga pasi, kupiga magoti au kupiga kura. Hata hivyo, historia ya ufundi huu yatuonyesha kwamba mara nyingine pigo lilikuwa pigo la kweli.

Mnamo mwaka 1905 Mjerumani Carl Georg Schillings alichapisha kitabu cha safari zake katika nchi ya Wamasai, katika sehemu ambayo leo ni Tanzania. Alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kupiga picha za wanyama wa porini wakati wa usiku, kwa kuwasha unga wa magnesiamu uliotoa mwako mkali. Ili simba wafike mbele ya kamera, alifunga punda au ng'ombe hai awe chambo. Jina la kitabu chake liliutaja mwako ule pamoja na bunduki, wala halikuwa jina la uongo, maana alikuwa na vyote viwili na alivitumia vyote viwili. Picha zake zilisifiwa sana Ulaya, na hatuwezi kukana kwamba ziliwafunza watu wengi habari za wanyama ambao hawakuwahi kuwaona. Lakini punda aliyefungwa hakuwa na la kusema.

Miaka michache kabla ya hapo, huko Uingereza, ndugu wawili, Richard na Cherry Kearton, walikuwa wameshika njia nyingine. Mwaka 1892 walipiga picha ya kiota chenye mayai, na mwaka 1895 wakatoa kitabu juu ya viota vya ndege wa nchi yao, kilichopambwa kwa picha zilizopigwa huko huko porini. Ili ndege wasishtuke, baadaye walitengeneza ng'ombe wa bandia kwa ngozi ya ng'ombe wa kweli. Mpiga picha aliingia tumboni mwake pamoja na kamera, akangoja humo muda mrefu. Ndege walimwona ng'ombe malishoni, jambo walilolizoea, nao wakaendelea na shughuli zao. Hapa aliyetaabika ni mpiga picha, wala si ndege.

Mara chache ndege naye amelijibu swali letu kwa kucha zake. Mwaka 1937, katika nchi ya Wales, mpiga picha mashuhuri Eric Hosking alikuwa akirudi usiku kwenye kibanda chake cha kujificha, karibu na kiota cha bundi. Bundi alimrukia gizani akamtia ukucha katika jicho la kushoto, na jicho hilo likapotea. Hosking hakuuacha ufundi wake. Aliendelea kupiga picha za ndege kwa miaka mingi, hata za bundi, mpaka alipofariki mwaka 1991. Wengi waisimuliapo habari hii huusifu ushujaa wake, na kweli alikuwa shujaa. Lakini tukimfikiria bundi yule, tutaona kwamba hakuwa na uadui wala kisasi. Alikuwa na kiota, na mtu alikikaribia. Alisema la kwa lugha aliyo nayo.

Hapa yatubidi tusimame kidogo, kwa maana pana jambo linalotatiza. Tumewasifu ndugu Kearton kwa kujificha. Lakini tukisikia kwamba mtu amejificha kichakani ili ampige picha mwanamke anayeteka maji mtoni, je, tutamsifu? Hasha! Tutasema amemvunjia mwanamke yule heshima yake, na kadiri alivyojificha vizuri ndivyo kosa lake lilivyo kubwa. Basi kwa nini tendo lile lile liwe adabu mbele ya ndege na ufidhuli mbele ya mwanadamu?

Jibu letu ni hili: ridhaa ni ulinzi, na kila kiumbe hulindiwa kile kilicho chake. Mwanadamu ana staha na jina. Anajua kwamba sura yake itatazamwa na watu asiowajua, na pengine itachekwa au itauzwa. Kwa hiyo ana haki ya kuulizwa, na jibu lake litoke kinywani mwake. Ndege hana haja ya kujua ni nani anayemtazama. Alicho nacho ni maisha yake: kula, kuatamia, kulisha makinda na kupumzika bila hofu. Mwenye kumtazama asimpotezee lolote kati ya hayo hajamdhulumu, hata akiwa amejificha. Mwenye kumpotezea hayo amemdhulumu, hata akiwa amesimama wazi huku anatabasamu. Kwa ufupi, ridhaa ya mwanadamu imo katika neno lake. Ridhaa ya ndege imo katika mwenendo wake usiobadilika.

Mwenendo huo husomeka kwa yeyote mwenye subira. Ndege akiendelea kula, kujichokora manyoya na kuwapelekea wanawe chakula, ameturuhusu tuwepo. Lakini akiacha kula na kuinua shingo, akitoa mlio wa kuonya, akiwa na mdudu mdomoni ila haingii kiotani bali arukaruka tawi hadi tawi, huyo amekwisha kukataa. Mpiga picha asiyejua maana ya dalili hizo huona amepata bahati: ndege amekaa mahali peupe, mdudu mdomoni, nuru njema! Kumbe makinda yanalia njaa, na anayezuia chakula chao ni yeye. Mwingine hukata matawi yanayoficha kiota ili nuru iingie. Picha hupatikana, naye huenda zake; lakini mayai yamebaki katika jua letu kali la Ikweta, na kunguru ameonyeshwa njia.

Wala tusidhani kwamba kutulia kwa ndege ni ridhaa siku zote. Wapo wasemao kwamba kunyamaza ni kukubali. Wataalamu waliopima mapigo ya moyo ya pengwini, wale ndege wa nchi za baridi za kusini, walipokuwa wakiatamia mayai yao, waliona kwamba mtu akikaribia moyo wa ndege huweza kwenda mbio ingawa mwenyewe hasogei hata kidogo. Ndege aliye juu ya mayai hukaa kwa sababu ya mayai, si kwa sababu amemkubali mgeni. Kwa hiyo mtu mwenye insafu haendi mpaka pale ambapo ndege anakaribia kuruka. Husimama mbali zaidi ya pale, kwa kuwa ajua kwamba hofu huanza kabla ya kuonekana.

Mila za watu wetu zina mfano ulio bora kwa jambo hili. Mgeni afikapo nyumbani kwa mtu hupiga hodi. Asipoitikiwa hupiga ya pili, na ya tatu; akikosa jibu hurudi alikotoka bila kinyongo, wala hachungulii dirishani. Hatudai sababu kwa mwenye nyumba. Kiota ni nyumba, na kinamasi ni mtaa wa wenyewe. Mpiga picha aendapo hatua chache, akasimama, akatazama, kisha akaenda tena hatua chache, huyo anapiga hodi. Akiona dalili ya kukataliwa, arudi. Mila hiyo hiyo yamfaa pia msafiri awapigaye picha watu sokoni au bandarini: asalimu kwanza, aulize, na akiambiwa la, aseme asante. Tena afahamu kwamba ridhaa iliyonunuliwa kwa sarafu kutoka kwa mtoto mwenye njaa si ridhaa kamili.

Tuitazame sasa mifano ya nchi zetu wenyewe. Katika milima inayopakana Uganda, Rwanda na Kongo, watu huja kutoka pande zote za dunia kuwaona sokwe wakubwa waitwao gorila. Kanuni ni wazi: wageni wasizidi wanane kwa kundi, wakae saa moja tu, wasitumie taa ya kamera, na wasikaribie. Kwa miaka mingi umbali uliotakiwa ulikuwa mita 7, na baada ya maradhi ya Korona kuzuka mwaka 2020 ukaongezwa kuwa mita 10, kwa sababu mafua ya mwanadamu yaweza kumwua gorila. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford Brookes cha Uingereza walitoa matokeo ya uchunguzi wao wa picha zaidi ya 800, ambazo wageni wenyewe walizitangaza hadharani kati ya mwaka 2013 na 2019. Katika picha zaidi ya nane kati ya kila kumi, watu walikuwa ndani ya mita 4. Hakuna aliyewashtaki, picha zao wenyewe ndizo zilizotoa ushahidi. Yawezekana kwamba wengi wao ni watu wema wanaowapenda wanyama. Lakini mapenzi yasiyokuwa na mpaka yamefanya kile ambacho uadui ungefanya.

Mfano wa pili ni korongo taji, ndege mwenye shungi la dhahabu, ambaye ni nembo ya Uganda na amechorwa katika bendera yake tangu mwaka 1962. Tangu mwaka 2012 amehesabiwa miongoni mwa ndege walio katika hatari ya kutoweka duniani. Kule Rwanda, ambako huitwa umusambi, ilikuwa ni fahari kumfuga katika bustani za nyumba na za hoteli, ili wageni wamtazame na kumpiga picha. Ili asiruke, mbawa zake zilikatwa au zilivunjwa. Kuanzia mwaka 2014 serikali na wahifadhi wa nchi hiyo walianza kuwakusanya ndege hao. Walioweza kuruka wamerudishwa porini katika Hifadhi ya Akagera, na waliolemaa wamepewa makao jijini Kigali mahali paitwapo Umusambi Village. Fikiria picha nzuri ya korongo katika bustani ya hoteli, amesimama wima, hakimbii wala haogopi. Aitazamaye husema ndege amemkubali mpiga picha. Ukweli ni kwamba ndege yule hana mbawa za kukataa nazo. Mahali ambapo kukataa hakuwezekani, hata kukubali hakupo.

Hata hivyo haki yatutaka tusikilize upande wa pili. Karibu na Entebbe, kandokando ya Ziwa Viktoria, kuna kinamasi cha Mabamba, kilichotiwa mwaka 2006 katika orodha ya maeneo ya maji yenye umuhimu kwa dunia nzima. Humo anaishi ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo mpana kama kiatu, apendaye kula kamongo. Zamani baadhi ya wavuvi walimwona kuwa ni ndege wa nuksi: ukimwona asubuhi hupati samaki. Kwa hiyo walimwua. Leo wavuvi kadhaa wamekuwa waongoza mitumbwi, wakiwapeleka wageni wenye kamera kumtazama ndege yule yule, na wanapata riziki kwa uhai wake badala ya kifo chake. Je, si kamera iliyomwokoa?

Tunakubali kwamba imemsaidia. Picha imeweza kufanya ambayo mahubiri mengi hayakuweza. Lakini faida hiyo haiondoi swali letu, yalizidisha uzito. Ndege huyu kwa kawaida hutaga mayai mawili, na aghalabu ni kinda mmoja tu anayekua. Mtumbwi mmoja ukisogea karibu mno, pengine ndege atavumilia. Mtumbwi wa pili husogea zaidi ili usipitwe na wa kwanza, na wa tatu vile vile. Kila aliyemo humo hujiambia kwamba yeye ni mmoja tu na hawezi kuleta madhara. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha madhara hujazwa vivyo hivyo. Riziki ya mwongoza mtumbwi humtegemea ndege ambaye kesho bado atakuwapo. Kwa hiyo mgeni amwambiaye asogee zaidi, tena akimwongezea fedha, huinunua leo kwa bei ya kesho ya mwenziwe.

Nchi nyingine zimejaribu kuumaliza ubishi huu kwa sheria. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1981 ambayo yakataza kuwasumbua ndege fulani walio adimu wakati wa kujenga kiota au wanapokuwa na mayai na makinda. Atakaye kuwapiga picha wakati huo katika namna itakayowasumbua sharti apate kibali kwanza. Sheria kama hiyo ni jambo jema. Lakini mara nyingi mpiga picha huwa peke yake alfajiri porini, hakuna askari wala shahidi ila ndege mwenyewe. Hapo sheria humwacha, na linalobaki ni dhamiri yake.

Kwa sababu hiyo tunarudi kwenye neno letu. Watu wengi hudhani kwamba mpiga picha wa ridhaa ana wajibu mwepesi kuliko yule anayeishi kwa kazi hiyo, kama vile mchezaji wa mtaani asivyolaumiwa sana akikosea. Sisi twaona kinyume. Mwenye kuishi kwa picha aweza walau kusema kwamba mhariri anamngoja na watoto wake wanataka kula. Udhuru huo hautoshi, lakini ni udhuru. Mtu wa ridhaa hana hata huo. Hakuna aliyemtuma. Akirudi nyumbani bila picha, chakula chake hakipungui na mshahara wake haukatwi. Yeye yu huru kugeuka, na aliye huru kugeuka ndiye anayepaswa kugeuka kwanza. Ridhaa aliyo nayo yeye ndiyo inayomdai aitambue ya mwenziwe.

Jambo hili lahusu madarasa yetu pia. Shule nyingi zina vyama vya wanafunzi wapendao mazingira, na simu moja yenye kamera yatosha kuwa chombo cha kazi. Twapendekeza kwamba mwalimu wa Kiswahili amtakapo mwanafunzi alete picha ya ndege, ua au mandhari ya safari, amtake pia aandike insha fupi ya kueleza namna alivyoipata: alisimama umbali gani, ndege alikuwa akifanya nini kabla hajamkaribia, alifanya nini wakati wa kupigwa picha, na alipoondoka alimwacha katika hali gani. Ikiwa ni picha ya mtu, aeleze alimwomba kwa maneno gani naye alijibuje. Mwanafunzi atajifunza msamiati wa kinamasi na wa viota, atajifunza kupanga matukio kwa taratibu, na juu ya yote atajifunza kwamba picha ina pande mbili.

Na mwanafunzi atakayerudi bila picha, akaandika kwamba ndege alikuwa juu ya mayai na alionyesha dalili za hofu, kwa hiyo aliondoka, tunaona kwamba astahili kupewa alama sawa na wenzake, au hata kuwazidi. Walimu wenye maoni mengine juu ya alama hizo, na juu ya swali lenyewe, tunawakaribisha watuandikie ili tuujadili mjadala huu kwa pamoja.